Mama Usichanjwe

Jina lake ni Modesta Nkwabi, lakini ukifika Mwalubuga ukamuulizia kwa jina hilo utazungushwa. Muulizie Mama Usichanjwe. Hapo hata mtoto wa darasa la kwanza atakupeleka hadi mlangoni mwa zahanati, na njiani atakuonyesha nyumba yake, baiskeli yake, na pengine atakuambia jana walikula nini.

Mwalubuga iko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kisesa, ukishuka upande wa ziwa. Ni kijiji cha pamba na ng'ombe. Kule chini, mawe yanapoingia majini, kuna mwalo wa wavuvi ambao zamani ulikuwa na vibanda vitatu. Tangu viwanda vya minofu ya sangara vifunguliwe mjini Mwanza, vibanda vimepita hamsini, na magari yenye barafu hushuka kila asubuhi kuchukua samaki. Hakuna gari hata moja linaloshuka kuleta mafuta ya taa ya friji la zahanati. Nalisema hili mapema kwa sababu linaniuma. Nchi yetu imejifunza upesi sana kumpelekea Mzungu sangara akiwa bado wa baridi, lakini kumpelekea mtoto wa Mwalubuga chanjo ikiwa bado ya baridi, hilo imemwachia Modesta.

Na Modesta amelibeba. Alizaliwa Usagara, akamaliza darasa la saba, akasomea miaka miwili kazi ya kuhudumia mama na mtoto. Mwaka 1982 alishushwa Mwalubuga kutoka juu ya lori la pamba, akiwa na godoro moja na ndoo. Hajaondoka. Mganga wa zahanati alihamishwa, Serikali ikawa imesimamisha ajira, na kwa mwaka mzima na zaidi Modesta akabaki peke yake na mama mmoja wa usafi. Mumewe, Elias, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hadi wafanyakazi walipopunguzwa. Siku hizi analima nyanya na kutengeneza baiskeli, na ndiye aliyejifunza kukata utambi wa friji ili moto uwake wa bluu bila moshi. Mafuta ya wilaya yakichelewa, friji huwashwa kwa mafuta ya nyumbani kwao, nao hula chakula cha jioni kabla jua halijazama.

"Nimeoa friji," Elias huwaambia wageni. "Huyu mwingine alikuja nalo tu."

Mimi nilipangiwa kufundisha shule ya Mwalubuga Januari 1996, nikitoka chuoni, nikapewa chumba jirani nao. Mengi nimeyaona. Ambayo sikuyaona nimeyapata kwa Modesta mwenyewe, na kwa Bibi Bernadeta, ambaye habari zake nitazifikia.

Jina la Usichanjwe lilianza mwaka 1994. Modesta aliitwa semina mjini kuhusu UKIMWI. Ilikuwa miaka ya kuzika vijana. Ulikuwa huwezi kumaliza kupalilia shamba moja bila kuitwa msibani mara tatu. Walifundishwa njia ambazo virusi hupita, na mojawapo ilikuwa wembe. Wenzake walirudi na makaratasi. Yeye alirudi akiwaona kichwani watoto wote aliowahi kuwapima uzito wakiwa na alama mbili mbili kifuani, mbichi bado. Kwetu mtoto huchanjwa chale, zikapakwa dawa nyeusi, ili macho mabaya yasimpate. Wembe ulikuwa mmoja kwa nyumba nzima, wakati mwingine kwa ukoo mzima.

Kuwaambia watu waache dawa za wazee wao alijua hawezi. Hata yeye anazo alama hizo. Basi akachagua neno moja tu, akalipakia kwenye baiskeli na kuzunguka nalo: kisimani, mnadani, vilabuni, kanisani baada ya misa. "Ukiumwa, kunywa dawa. Jifukize. Oga majani yote ya porini ukipenda. Lakini usichanjwe!" Watoto walilidaka mara moja. Baiskeli ikitokea wanapiga kelele, "Mama Usichanjweee!" naye anapiga kengele.

Mganga wa kienyeji wa pale, Mzee Masele, alimfuata hadi zahanati.

"Binti Nkwabi, unanifungia duka."

"Shikamoo mzee. Sifungi duka. Nakuomba wembe mpya kwa kila mtu, basi."

"Marahaba. Na huo wembe mpya nautoa wapi, nauzaa?"

"Mgonjwa aje nao. Anakuletea kuku, atashindwa wembe?"

Masele alicheka hadi akakohoa. Tangu siku hiyo aliyekwenda kwake mikono mitupu alirudishwa. "Mama Usichanjwe amekataza," Masele alisema, kama vile amri imetoka ikulu.

Mwaka uliofuata likaja jambo jingine. Biashara zilikuwa zimefunguliwa kwa kila mtu, na miongoni mwa waliofungua walikuwamo watu wa sindano. Mmoja alipita Mwalubuga na mkoba, bomba moja la sindano na chupa ya chai yenye maji ya moto ambayo alisuuzia sindano kati ya mgonjwa na mgonjwa. Alichoma homa, alichoma mgongo, alichoma hata ugumba. Modesta alimfukuza hadi barabarani kwa mdomo tu, kisha akaongeza kwenye wimbo wake: "Usichanjwe wala usichomwe!"

Alisahau kusema maneno mawili: isipokuwa kliniki. Hakuona haja. Akina mama walikuwa wanakuja na watoto kama kawaida, Jumanne kwa Jumanne. Ni taratibu sana ndipo walipoanza kupungua, na yeye akadhani ni msimu wa pamba, au ni misiba.

Agosti 1996 zikaja siku za taifa za chanjo ya polio. Gari la matangazo lilipita na spika juu yake, vumbi na muziki, na sauti ya kijana wa mjini: "Wazazi wote! Jumamosi! Watoto wote wa chini ya miaka mitano wapelekwe shuleni wakachanjwe! Wachanjwe bila kukosa!"

Jumamosi hiyo sisi walimu tulipanga madawati chini ya ukuta wa shule tangu saa moja. Tulikuwa na daftari la watoto zaidi ya mia tatu. Kufika saa nne walikuwa wamekuja kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa wa walimu. Kando ya uwanja walisimama akina mama kama thelathini, watoto wamefungwa migongoni, wanatuangalia kwa mbali kama watu wanaoangalia nyoka ambaye hawajajua kama amekufa.

Modesta aliwafuata. "Karibuni basi, mbona mmesimama?"

Walitazamana. Mmoja akacheka kwa kuziba mdomo. "Nesi, si wewe Mama Usichanjwe? Leo unachanja?"

Mwingine akadakia, "Wembe ni wako, au tuje na wa kwetu?"

Nilimwona Modesta akisimama pale katikati ya uwanja, mkono kiunoni. Aliniambia baadaye kwamba alihisi kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba yake kwa nje, halafu akakumbuka kwamba ndani kuna watoto. Neno lilikuwa lile lile. Kuchanjwa chale kwa wembe na kuchanjwa polio kwa matone, Kiswahili kinayaita kwa jina moja, na yeye alikuwa amefanya kazi miaka miwili usiku na mchana kulifanya jina hilo litishe.

Hakuhutubia. Alirudi mezani, akachukua kichupa, akarudi kwa wale akina mama, akatoa ulimi na kujidondoshea matone mawili. Akayameza, akakunja uso.

"Chungu kidogo," alisema. "Hii ndiyo yote. Hakuna wembe, hakuna sindano. Ni kudondoshewa. Aliyesema kuchanjwa amekosea neno."

"Amesema spika."

"Spika haina mtoto. Nani wa kwanza kudondoshewa?"

Kicheko kiliwatoa pale walipokuwa. Kufika jioni tulikuwa tumefikia mia mbili themanini, na waliobaki Modesta aliwafuata nyumba kwa nyumba, kasha la barafu likiwa limefungwa nyuma ya baiskeli. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Bernadeta.

Bernadeta alikuwa mjane, mtu wa kanisani, wa maneno machache. Binti yake wa pekee, Wilhelmina, aliolewa na mvuvi wa mwaloni. Mume alikufa, naye akarudi kwa mama yake akiwa amekonda, na mtoto mchanga mgongoni. Modesta alikwenda kila siku kumwogesha Wilhelmina na kumgeuza kitandani wakati hata jamaa walikuwa wanasimama mlangoni. Pale pale, kati ya ndoo na shuka, alimfundisha Bernadeta yote aliyofundishwa: kuhusu damu, kuhusu vidonda, kuhusu wembe na sindano. Wilhelmina alifariki katikati ya mwaka 1995. Aliacha mtoto wa kike wa miezi minane, Precious, na kadi ya kliniki yenye chanjo mbili tatu za mwanzo, baada ya hapo imebaki tupu.

Jumamosi ile Bernadeta alikubali matone, ila kwa namna yake. Alitoa kijiko chake jikoni, akaomba matone yadondoshewe humo, kisha akamnywesha Precious mwenyewe. Kichupa hakikusogea karibu na mdomo wa mtoto. Halafu akakiosha kijiko kwa maji ya moto, akakitundika peke yake, kando ya kikombe kilichofungwa uzi mwekundu. Modesta aliona, akadhani ni bibi anayemlinda mjukuu wake.

"Mama, ana karibu miaka miwili na hajapata sindano ya surua. Mlete Jumanne."

"Ya sindano hapana."

"Kwa nini?"

"Uliniambia mwenyewe," Bernadeta alisema. "Nilikusikiliza. Sasa nikusikilize yupi, wa mwaka jana au wa leo?"

Modesta alieleza, akaeleza tena. Bernadeta alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, akamshukuru, akampa mhogo wa kuondokea.

Mwezi wa kumi surua ikaingia mwaloni. Watu wa mwaloni wanatoka kila upande, Mara, Ukerewe, Geita, watoto wanalala wanane katika kibanda kimoja. Wawili walikufa ndani ya wiki moja. Modesta alianza kuamka na jambo moja kichwani: Precious. Wengine walikuwa wanarudi kliniki, mmoja mmoja, baada ya mambo ya matone. Lakini huyu mtoto, kama alichokuwa nacho mama yake anacho na yeye, surua isingemwachia siku tatu. Na aliyekuwa amefunga njia yake ya kuja kliniki alikuwa Modesta.

Mtendaji wa kijiji, Josephat, alikuja na dawa yake.

"Nipe majina, nesi. Natuma mgambo wawili asubuhi, saa mbili wote wako hapa mstarini."

"Mgambo watamshika mtoto, au watamshika bibi?"

"Wote. Sheria ipo."

"Josephat, yule mama ananitii kuliko mtu yeyote hapa kijijini. Ndiyo shida yenyewe. Unataka kumfunga mtu kwa kunitii?"

Mimi, nakiri, nilikuwa upande wa Josephat. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi na nilikuwa na haraka ya kuiona nchi imepona. Modesta alipanda baiskeli, akaenda kwa Bernadeta kwa mara ya tatu.

Ilikuwa asubuhi, kama saa tatu. Aliegemeza baiskeli kwenye ua wa minyaa na kabla hajapiga hodi aliona ndani. Precious alikuwa anakimbiza kifaranga. Ooko, mtoto wa miaka minne wa jirani yao Amondi, alikuwa amepenya kwenye ua na anamcheka. Precious akajikwaa kwenye jiwe, akaanguka, goti likachubuka na kutoa damu. Ooko akainama kumwinua.

Bernadeta alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Alimpita mjukuu wake. Alimshika Ooko, akamvuta nyuma.

"Toka hapo! Nionyeshe mikono. Geuza. Geuza tena!"

Aliikagua mikono ya yule mtoto mbele na nyuma, kidole kwa kidole. Kisha akaiosha kwa sabuni, akaiosha tena, na Ooko amekodoa macho hajui kosa lake. Muda wote huo Precious alikuwa chini, analia, amemnyooshea bibi yake mikono. Ooko alipokwisha kusukumwa nje ya ua ndipo Bernadeta alipogeuka.

Modesta alikuwa amekwisha kuingia na kumpakata mtoto, amemkandamizia goti kwa kitambaa safi kutoka kwenye mkoba wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja tena."

"Nimekuja tena. Mama, kwa nini umemwosha Ooko?"

Bernadeta alikaa kwenye kigoda. Mwiko ulikuwa bado mkononi.

"Nilidhani unamficha Precious asiambukizwe na sindano," Modesta alisema. "Siyo hivyo?"

"Aambukizwe nini, mwanangu? Alinyonya miezi minane." Alimwangalia mtoto, akaangalia kando. "Huyu, kama kipo, anacho. Mimi sihofii sindano inayokwenda kwake. Nahofia inayotoka kwake. Ikitoka, inakwenda kwa nani? Nimweke mstarini katikati ya watoto wa watu, halafu mwaka kesho Amondi azike? Mimi nimezika. Najua kunakuwaje."

"Nani amekuambia sindano ya kliniki inatoka kwa huyu inaingia kwa yule?"

"Wewe."

"Mimi, mama?"

"Ulisimama hapo hapo mlangoni, Wilhelmina akiwa ndani. Ulisema wembe, ukasema sindano. Hukusema ipi."

Modesta alibaki amemshika Precious, ambaye alikuwa ameacha kulia na sasa anachezea kifungo cha gauni lake jeupe. Aliyafikiria yale yote aliyoyaona na kuyasoma vibaya: kijiko, kikombe kilichofungwa uzi mwekundu, mtoto asiyeruhusiwa kutoka uani. Mwaka mzima na zaidi bibi huyu alikuwa anamtenga mjukuu wake ili kuwalinda watoto wa wanawake ambao hata kumsalimia walikuwa wanamsalimia kwa mbali.

"Nilikosea, mama," alisema mwishowe. "Nilikutisha, sikukufundisha. Kikombe wala kijiko havipitishi chochote. Kucheza hakupitishi. Na kuhusu sindano sitakueleza tena kwa mdomo. Njoo Jumanne mapema, kabla ya watu, uangalie kwa macho yako. Ukishaangalia, utaamua mwenyewe."

"Nikija, awe wa mwisho kabisa. Sindano yake isiwe na pa kwenda."

"Uje kwanza uone. Nafasi ya kukaa utaichagua wewe."

Jumanne, jua halijachomoza sawasawa, Bernadeta alikuwa amekaa kwenye ngazi ya zahanati, Precious mgongoni, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Modesta alimwingiza ndani, akamwekea kiti karibu na jiko. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria nzito ya mvuke, ya mfuniko wa kukaza kwa skrubu. Alimfunulia. Ndani mabomba na sindano vilikuwa vimepangwa kwenye vitundu vyake.

"Ngapi?" Bernadeta aliuliza.

"Ishirini na nne."

"Watoto wakiwa thelathini?"

"Nasimama. Nachemsha upya, wanasubiri."

"Wakikasirika?"

"Wanakasirika huku wamekaa."

"Na ukiwa na haraka? Ukiwa umechoka? Mtu akichoka anafanya lolote."

Modesta alikuwa ameulizwa na wakaguzi wa wilaya, wa mkoa na wa wizara, hakuna aliyewahi kuuliza hilo. "Nikichoka," alisema, "nafunga mlango na kuwaambia warudi kesho. Nimefanya hivyo mara mbili. Uliza mtu yeyote."

Mvuke ulianza kupiga mluzi. Modesta alimwonyesha saa ya ukutani, na mshale ungefika wapi ndipo moto uondolewe. Dakika ishirini. Bernadeta hajui kusoma saa, lakini aliukazia macho ule mshale na hakuyaondoa. Kisha alionyeshwa beseni la maji lililokuwa kando, la sindano zilizokwisha kutumika, ambazo haziruhusiwi kugusa meza ya sindano safi. Akaliangalia beseni, akaiangalia meza, akapima kwa macho umbali uliopo kati yao. Halafu akainuka, akatoka.

Nje akina mama walikuwa wameanza kujaa. Modesta alichungulia dirishani akimtafuta mwisho wa benchi. Hakumwona. Alimwona katikati, amejibana kati ya wanawake wawili, mikono imemkaza mtoto. Nyuma yake alikuwa Amondi na mtoto wake wa miezi tisa.

Zamu yake ilipofika, ujasiri ulimtoka. Aligeuka. "Amondi, pita wewe."

"Bibi, mimi nimekukuta hapa."

"Pita tu, mwanangu."

"Sipiti. Ingia basi, huyu wangu amenikojolea mgongo mzima, nataka kwenda kufua."

Watu walicheka. Bernadeta aliingia.

Modesta alimwita Precious kwa jina, kama anavyowaita wote, akamwambia itauma kidogo na kwamba anayo ruhusa ya kulia. Akachoma mkono wa kushoto. Precious alipiga yowe lililosikika hadi kisimani. Bibi yake hakumwangalia usoni. Macho yake yalikuwa kwenye sindano: ilivyotoka, ilivyoshuka, ilivyoingia kwenye beseni na maji yakaifunika. Kisha akaangalia koleo la Modesta likienda kwenye upande mwingine wa chumba, likachukua bomba jingine na sindano nyingine, na Amondi akaingia akimshusha mtoto wake. Bernadeta alisimama mlangoni hadi yule mtoto alipochomwa na kulia na kunyamaza. Ndipo alipomgeuza Precious kifuani kwake na kumpuliza mkono, "Pole mama, pole mama yangu, yameisha."

Lakini hayakuwa yameisha kwake. Watu walikwisha, saa sita ikapita, Modesta anafunga daftari, na Bernadeta alikuwa bado kwenye benchi, mtoto amelala mapajani.

"Mama, nenda ukapumzike. Jua limekuwa kali."

"Sindano ya mtoto wangu bado imo ndani ya beseni."

Modesta hakubisha. Alimwaga maji, akasafisha mabomba na sindano moja moja, akazipanga kwenye vitundu, akakaza mfuniko, akawasha jiko. Angeweza kuzichemsha Jumatatu ijayo, mafuta yenyewe yalikuwa ya kubana. Alikuja akakaa benchini kando ya Bernadeta. Kwa mbali magari ya barafu yalikuwa yanapanda kutoka mwaloni kuelekea barabara kuu.

Mluzi ulipoanza, Precious alishtuka, akafumbua macho, akayafumba tena. Bernadeta alikuwa anaangalia mshale. Ulipofika alipoonyeshwa asubuhi, alimgusa Modesta kiwiko.

"Umefika."

Modesta alizima moto, akasubiri mvuke utoke, akafungua mfuniko. Bernadeta alikuja akainama juu ya sufuria, joto likimpiga usoni, akatazama kwa muda mrefu zile sindano ishirini na nne zilizofanana.

"Ya kwake ni ipi?"

"Sijui, mama," Modesta alisema. "Hakuna anayeweza kujua tena."

Bernadeta aliitikia kwa kichwa. Akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kitenge, akauliza kadi ina nafasi ngapi zilizobaki tupu.